Boga Aliyeshuka Ndani ya Kijani

Akina mama wa kliniki walimwita Mama Mizani. Hakuwahi kulikataa jina hilo, wala kulifurahia. Alikuwa muuguzi wa kliniki ya watoto, na kazi yake kubwa, kwa miaka mingi kuliko alivyopenda kukumbuka, ilikuwa kuwaning'iniza watoto wa watu kwenye mizani, kusoma mshale unaotikisika, na kuweka nukta kwenye kadi. Bega lake la kulia lilikuwa limeshuka kwa kunyanyua. Miguu ilivimba kabla ya adhuhuri, akawa anavua viatu chini ya meza na kuvitafuta kwa vidole kila mganga mkuu alipopita. Asubuhi alipofungua chumba cha kupimia alikuta foleni imekwisha kukunja kona, watoto wanalia kwa zamu, mama zao wanagombania benchi. Alivuta pumzi moja ndefu, kama mtu anayetaka kupiga mbizi, kisha akasema, "Haya, wa kwanza."

Hakuwa mkali. Alikuwa amechoka tu, na uchovu wa muda mrefu ukimkaa mtu usoni, watu huudhania ukali.

Nyumbani aliishi na binti yake wa pekee na mjukuu. Mumewe alikuwa amefariki, na mkwewe, baba wa mtoto, alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Alikuja mara mojamoja, akacheka sana, akalala sana, akaondoka. Binti alifanya kazi katika kiwanda cha mikate ng'ambo ya reli. Aliondoka alfajiri na kurudi alasiri na unga kwenye kope, amebeba mfuko wa mikate iliyovunjika au iliyotoka tanurini na sura mbaya, ile ambayo wafanyakazi waliruhusiwa kuichukua. Mfuko ule ulikuwa fahari yake. Tangu utotoni alikuwa amelelewa na mshahara wa mama. Sasa yeye naye alikuwa akiingia mlangoni na kitu mkononi.

Mtoto, ambaye mchana alishinda na msichana aliyelipwa kumwangalia, walimwita Boga. Alipofika miezi sita mapaja yake yalikuwa na mikunjo, mashavu yakimfunika macho akicheka, na bibi yake alimtania kila jioni, "Mke mwenzangu, ukiendelea hivi utanisukuma kitandani nilale chini."

Kitu kimoja Mama Mizani hakukifanya: hakumpima Boga kwa mkono wake. "Wa kwako humwoni vizuri," alisema. Kazi hiyo alimwachia muuguzi mwenzake, dada mmoja mchangamfu wa dawati la pili, ambaye alikuwa akimtia Boga kwenye kikapu cha mizani, anasoma, anaweka nukta, kisha anatangaza kwa sauti ya mnada, "Kijani!" Kijani ulikuwa ule ukanda mpana wa katikati ya kadi. Mtoto aliyekuwa humo alirudi nyumbani. Aliyeangukia chini yake aliitwa pembeni.

Siku moja aliingia mama kijana na mwanawe wa mwaka mmoja, mdogo mno, ambaye nyumbani kwao walikuwa wamekwisha kumbandika jina la Sindano. Nyuma yake alikuja mama mkwe. Huyo hakusubiri kuulizwa.

"Mpime mbele yangu," akasema. "Nataka kujua huyu mke wa mwanangu anampa mtoto chakula au anamwonyesha tu."

Mama kijana aliinamisha kichwa. Ilionekana kwamba hayo hakuyasikia mara ya kwanza.

Mshale ulisimama kwenye kilo saba na nusu. Nukta ikaanguka chini ya kijani, na mama mkwe akapiga mikono pamoja kama aliyeshinda kesi.

Mama Mizani alivuta boksi la glavu, akachora mlima upande wake wa nyuma: chini kwenye pembe zote mbili, umevimba katikati, kama kengele. Mchoro huo alifundishwa kwenye semina, na mwanzoni ulimuumiza kichwa mpaka mwalimu wa semina alipoacha maneno makubwa na kuanza kuzungumzia watoto.

"Mama, tuseme tumekusanya wavulana mia," alisema. "Wote wa mwaka mmoja, wote wazima. Tunawapanga mstari, mwepesi kabisa huku, mzito kabisa kule. Wa katikati ana kilo tisa nukta sita. Wengi wamejazana karibu naye, ndiyo maana mlima umevimba hapa. Ukienda pembeni wanapungua, wanapungua, mpaka unabaki na mmojammoja."

"Naona."

"Sasa tunapima kwa hatua. Wataalamu wanaiita mchepuko wastani, mimi naiita hatua. Kwa watoto hawa hatua moja ni karibu kilo moja. Katika hao mia, sitini na nane hawako mbali na katikati zaidi ya hatua moja, iwe huku au kule. Tisini na tano hawazidi hatua mbili. Mjukuu wako ana saba na nusu. Tisa nukta sita ukitoa saba nukta tano unapata mbili nukta moja. Gawanya kwa hatua. Yuko hatua mbili na kidogo chini ya katikati. Hiyo ndiyo tunaita alama yake ya zedi: hasi mbili nukta moja."

"Hasi!" mama mkwe alilikamata neno hilo. "Si nilisema?"

"Ni upande tu wa mstari, mama. Maana yake ni kwamba hata tukichukua watoto mia wazima, wasioumwa chochote, tutakuta wawili hivi wamesimama alipo yeye au nyuma yake. Lazima kuna watakaokuwa mwisho."

"Basi asimame mjukuu wa mwingine," alijibu yule bibi. "Wa kwangu namtaka juu ya wastani. Kwani shida iko wapi? Wote wawekeni juu ya wastani, tumalize."

Benchi zima lilicheka, na Mama Mizani naye alicheka kwa pua, kicheko cha mtu asiyekuwa na nguvu ya kufungua mdomo. Kisha alifanya kazi yake. Alibonyeza nyayo za Sindano kuona kama zina maji, alizungusha utepe kwenye mkono wake, alimtazama akivuta kadi na kujaribu kuitafuna. Mtoto alikuwa na macho makali na mdomo usiotulia. Alirudi kwenye nukta za nyuma. Alipokuwa na miezi tisa alikuwa hatua mbili na kidogo chini, na kabla ya hapo vilevile.

"Tazama, hashuki," alimwambia mama kijana, kwa makusudi akimpa mgongo kidogo mama mkwe. "Anakua sambamba na mstari wake. Tutakuwa tunamwangalia kila mwezi, maana mwisho wa mstari ndiko pia wanakokuwa watoto wenye njaa kweli, na siwezi kubahatisha. Lakini leo sioni mtoto mwenye njaa. Baba yake ana umbo gani?"

Mama kijana alimtazama mama mkwe wake. Wote wakamtazama. Yule bibi alikuwa amekaa kwenye benchi na miguu yake haikufika sakafuni.

"Sisi kwetu ni watu wa mifupa midogo," akasema yule bibi, kwa sauti iliyopungua. Akamchukua Sindano mgongoni mwenyewe, wakatoka.

Huo ulikuwa mwezi wa joto. Jioni moja binti alirudi na kichwa kinamuuma, akajitupa kitandani, na Mama Mizani akachukua zamu ya kumwogesha mtoto. Kwa kawaida alifika nyumbani Boga amekwisha kuogeshwa, kuvalishwa na kupakatwa, na yeye alichoka mno hata kumnyanyua. Alimgusa shavu, akaenda kulowanisha miguu. Siku hiyo alimvua nguo, akamweka kwenye beseni, akampaka sabuni. Mkono wake ukapita kwenye makalio.

Ngozi ilisogea. Pale palipokuwa pamejaa, palikuwa na mikunjo miwili iliyolegea, kama soksi iliyopoteza mpira. Tumbo lilikuwa mbele, limejaa, na mapaja chini yake yalikuwa membamba. Boga mwenyewe hakurusha maji. Alikaa tu kwenye beseni, akitazama povu likizama.

Mama Mizani alimwosha taratibu, akamkausha, akamlaza karibu na mama yake. Kisha aliketi kwenye kiti cha jikoni bila kuwasha jiko. Kwa mkono alikuwa amejua tayari. Kichwa ndicho kilichokuwa bado kinakataa. Huyu mtoto alikuwa kijani. Juzi tu dada wa dawati la pili alitangaza kijani. Na uzito ulikuwa umepanda, si kushuka: kilo nane na pointi mbili alipokuwa na miezi sita, nane na pointi tisa alipotimiza mwaka, tisa na pointi nne sasa akiwa na miezi ishirini. Namba zote tatu alizijua kwa moyo, kama bibi yeyote anavyozijua za mjukuu wake.

Lakini hakuwahi kuzigeuza kuwa hatua. Kwa wa watu aligeuza kutwa. Kwa wa kwake aliridhika na rangi.

Alichukua kalamu. Wasichana wa miezi sita: katikati yao ni kilo saba nukta tatu, hatua ni kama sifuri nukta tisa. Nane nukta mbili toa saba nukta tatu ni sifuri nukta tisa. Hatua moja kamili juu. Kwa jedwali la semina hiyo ni nafasi ya themanini na nne: katika watoto mia, themanini na wanne walikuwa wepesi kuliko Boga. Mwaka mmoja: katikati ni nane nukta tisa, naye alikuwa na nane nukta tisa. Hatua sifuri, nafasi ya hamsini. Miezi ishirini: katikati ni kumi nukta sita, hatua ni moja nukta mbili. Tisa nukta nne toa kumi nukta sita. Hasi moja nukta mbili, gawanya kwa moja nukta mbili.

Hasi moja. Nafasi ya kumi na sita.

Themanini na nne, hamsini, kumi na sita. Mtoto alikuwa amepitwa na zaidi ya nusu ya mstari, mmoja baada ya mwingine, akiwa ndani ya kijani muda wote, huku kila mwezi mshale ukipanda kidogo na watu wakipongezana.

Aliposikia binti ameamka alimwita jikoni.

"Boga anashuka," alimwambia.

Binti aliitazama karatasi, akajifunga kanga vizuri, kisha akasema polepole, "Mama. Naomba usianze."

"Sijaanza kitu. Nimemwogesha."

"Juzi tu amepimwa. Kijani. Na uzito umepanda."

"Umepanda, lakini wenzake wamepanda zaidi. Mwaka jana alikuwa mbele ya watoto themanini na wanne katika mia. Sasa yuko mbele ya kumi na sita."

"Kwa hiyo kuna kumi na sita wako nyuma yake, na wote hao ni wazima?"

"Wengi wao ni wazima."

"Sasa wangu anaumwa vipi na wao ni wazima?" Sauti ya binti ilipanda. "Si wewe unawaambia akina mama kila siku kwamba kuwa mdogo si ugonjwa? Leo kwa mwanangu imekuwa ugonjwa?"

Lilikuwa swali zuri, na Mama Mizani aliliheshimu.

"Mtoto anayezaliwa na nafasi yake na kukaa nayo, simwogopi. Hata akiwa wa kumi na sita. Hata akiwa wa pili. Na wengine wakiwa wachanga wanahama kidogo, wananenepa kwa maziwa, wanapungua wakianza kutambaa. Lakini hatua mbili nzima, na bado anaendelea? Hao ni wachache sana, mwanangu. Inawezekana yeye ni mmoja wa hao wachache. Sikatai. Inawezekana hana kitu."

"Basi."

"Basi twende tukaambiwe hana kitu."

Binti alivuta mfuko wa mikate, akakata kipande, akakilowanisha kwenye maziwa ya moto. "Anakula," alisema, mgongo ukiwa umegeuka. "Kila siku anakula. Namlisha mimi mwenyewe kwa mkono wangu, nikitoka kusimama mbele ya tanuri kutwa. Usiniambie simlishi."

"Sijasema hivyo."

"Umekaa na kalamu, mama. Ukikaa na kalamu unakuwa umesema."

Walikwenda. Tabibu wa pale pale kliniki alimsikiliza Boga kifua, akampa dawa ya minyoo, jambo ambalo Mama Mizani mwenyewe angelifanya. Dawa haikubadili kitu. Walipima choo, walipima mkojo. Majibu yakaja safi. Daktari wa pili, mahali pengine, alitazama kadi na kusema mtoto yuko ndani ya kawaida, arudishwe baada ya muda. Hakukosea: alikuwa ndani ya kawaida. Ila kila waliporudi, mtoto alikuwa amesogea karibu zaidi na ukingo wa ile kawaida.

Zilikuwa wiki za kuchosha kuliko zote. Mama Mizani aliomba ruhusa kazini mpaka akaona haya kuomba. Alikaa kwenye mabenchi ya kusubiri, upande ule ambao hakuuzoea, akapigwa kikumbo kwenye foleni kama mtu yeyote, akaambiwa "mama, subiri zamu yako" na wasichana waliovaa sare kama yake. Mtoto alizidi kuwa mnyonge na mwenye hasira. Akiguswa analia, akiachwa analia. Alianza kuharisha choo laini chenye harufu kali. Binti na mama yake waliongea mambo ya lazima tu: chumvi iko wapi, nani atafunga mlango. Kuna jioni Mama Mizani aliifikiria ile hesabu yake kwa chuki, akatamani asingelijua kugawanya.

Mwishowe walipewa barua ya kwenda hospitali kubwa, kwa daktari bingwa wa watoto. Alikuwa mwanamke wa makamo, naye amechoka, na pengine ndiyo sababu hakuwa na haraka. Alitazama nukta zote, si ya mwisho tu. Alipitisha kidole kutoka ya juu mpaka ya chini, akatikisa kichwa.

"Alianza kushuka lini? Baada ya miezi sita, au siyo?" aliuliza. "Wakati huo mlimwanzishia chakula gani?"

Binti ndiye aliyejibu, na uso wake ulichangamka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, maana hapo alikuwa na jibu la kujivunia. "Tulianza na uji wa ngano. Halafu mkate. Nyumbani kwetu mkate haukosekani, daktari, mimi nafanya kazi kiwandani. Asubuhi mkate, jioni mkate na maziwa. Anaupenda."

Daktari aliacha kuandika.

Walichukua damu. Baadaye walimlaza Boga ili wamchunguze utumbo kwa kipimo kingine, na majibu yote mawili yakakubaliana. Utumbo wa mtoto huyu ulikuwa hauivumilii ngano. Kila alipokula, ukuta wake wa ndani uliumia, na chakula kingine chote, hata kiwe kizuri namna gani, kikapita bila kumfaa.

"Hakuna wa kulaumiwa," daktari alisema. "Si chakula kibaya. Ni chakula kibaya kwake. Mkikiondoa kabisa, hata makombo, utumbo utapona."

Binti aliitikia kila alichoambiwa. Aliuliza maswali ya maana, akashukuru, akafunga mtoto mgongoni. Walipofika nje ya lango la hospitali akakaa kwenye ngazi, katikati ya watu wanaopita.

"Mfuko wangu," alisema.

Mama Mizani alijishusha akakaa karibu naye. Magoti yalilia.

"Nilikuwa nikivichagua vipande laini, mama. Vile vya katikati, visivyo na ganda, nilikuwa simpi mtu mwingine. Hata wewe nilikunyima."

Alilia bila sauti, mabega yakitikisika, na Boga mgongoni akatikisika nayo. Mama Mizani alikuwa na maneno mengi ya kazini kwa akina mama wanaolia. Hakuyatumia hata moja. Alimfuta unga kwenye kope, uliobaki hapo tangu alfajiri alipopitia kiwandani, akaacha mkono wake shavuni mwa mwanawe. Wakakaa hivyo mpaka mlinzi alipokuja kuwaambia wanaziba njia.

Binti alitaka kuacha kazi siku iyo hiyo.

"Ukiacha tutamlisha nini?" mama yake alimuuliza. "Nukta?"

Kwa hiyo hakuacha. Aliacha kuleta mfuko. Akawa anabadilisha nguo kiwandani kabla ya kutoka, anaosha kichwa na mikono kwenye bomba la uani kabla ya kumshika mtoto, hata siku za baridi, hata mtoto akimlilia dirishani. Walisugua sufuria, wakatupa ubao wa kukatia mkate. Boga aliusaka mkate kama mlevi. Alifungua makabati, alinusa mifuko, alijitupa sakafuni akapiga kichwa. Jirani mmoja, kwa huruma, akampa biskuti kupitia uwazi wa ua, na wiki nzima tumbo likaharibika upya. Binti alikwenda kwa jirani huyo, akamweleza kwa adabu mara ya kwanza, na mara ya pili bila adabu.

Kupona hakukuwa kama wanavyosimulia watu. Kwanza kulikuja usingizi: Boga akalala usiku mzima, na wao wakaamka kwa hofu kwenda kumgusa. Kisha choo kikakaza. Kisha akaanza kukimbia kutoka mlangoni hadi jikoni bila kupumzika njiani. Uzito ulikuja nyuma ya hayo yote, ukijivuta. Alipotimiza miaka miwili alikuwa na kilo kumi na nusu.

"Hebu nipe hiyo kalamu," binti alisema jioni ile. "Katikati yao ni ngapi?"

"Kumi na moja na nusu. Hatua ni moja nukta tatu."

Binti aliandika, akafuta, akaandika. Hakuwa na haraka, na mama yake hakumsaidia. "Pungufu ya kilo moja. Gawanya kwa moja nukta tatu. Hasi sifuri nukta saba saba." Akainua uso. "Hasi bado."

"Tazama jedwali."

Alishuka kwa kidole hadi kwenye mstari wa saba saba. "Kama ishirini na mbili katika mia." Akaikumbuka ile kumi na sita. "Amewapita sita."

"Amewapita sita."

"Ni wachache."

"Ni wachache," Mama Mizani alikubali. "Lakini sasa anapita yeye."

Hakuna aliyeshangilia. Binti aliikunja karatasi akaitumia kuzibia dirisha lililokuwa likigonga kwa upepo.

Alipofika miaka miwili na nusu Boga alikuwa na kilo kumi na mbili na robo, hasi sifuri nukta tatu, mbele ya watoto thelathini na wanane. Daktari bingwa alisema pengine hatarudi kwenye ile nafasi ya themanini na nne, pengine ile ilikuwa mikunjo ya maziwa tu na nafasi yake halisi ni hapa karibu na katikati, muda utaonyesha. Binti alisema apewe hata ya thelathini, mradi akae nayo.

Kazini hakukubadilika kitu. Foleni ilikuwa ile ile. Mama Mizani alimfundisha dada wa dawati la pili kusoma nukta tatu za nyuma kabla ya kutangaza rangi, na dada huyo alifanya hivyo, ingawa kazi ilirefuka na wote wawili wakawa wanachelewa kula. Kati ya watoto waliowaita pembeni kwa njia hiyo, wengi hawakukutwa na kitu. Mama zao walinung'unika kwamba wamepotezewa siku. Mama Mizani aliwasikiliza, akawaomba radhi, akasema, "Haya, anayefuata."

Mwishoni mwa mwaka huo aliomba likizo aliyokuwa akiiahirisha, na mganga mkuu akasaini bila kuuliza, baada ya kumwona akivitafuta viatu chini ya meza. Siku ya kwanza ya likizo hakuamka. Alisikia binti akiondoka, akasikia jirani akifagia, akasikia jua likianza kupasha bati, akageuka upande wa pili. Karibu na adhuhuri mlango ulisukumwa. Boga aliingia, amebeba sahani tupu kwa mikono miwili, akaiweka kifuani mwa bibi yake.

"Bibi, njaa."

"Nimekusikia, mke mwenzangu. Ngoja kidogo."

"Njaa sasa!" Boga alikunja uso, akakanyaga sakafu kwa nguvu mpaka sahani ikadunda.

Mama Mizani alifumba macho tena, akajiambia atahesabu pumzi chache kisha atainuka. Boga hakumpa nafasi hiyo. Alipanda kitandani, akamkalia tumboni kwa uzito wake wote, akaanza kumvuta mkono.